Mzazi wa Keza Asimame

Keza mwanangu,

Siku ile ya wazazi shuleni kwenu nilikuwepo. Sikuwa sokoni. Sijamwambia mtu yeyote, hata Bi Mwajuma ambaye namsimulia mpaka ndoto zangu, hata padri sijamwambia, maana sikujua niliweke kwenye fungu gani la dhambi. Nilikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na ukuta wa darasa la saba, nyuma ya mama mmoja aliyefunga kilemba kikubwa cha kitenge, na kila alipoinamisha kichwa nami niliinama naye.

Nimeanza na hilo kwa makusudi. Ningeliacha lije mwisho, ningejifanya karatasi imeisha.

Wewe sasa hivi uko uchochoro wa pili, umekaa katikati ya magoti ya Mama Shabani, anakusuka. Yule mama akisuka mstari mmoja anasimulia habari mbili, kwa hiyo nadhani nina muda mpaka jua lipungue. Nimekaa kitandani kwetu, nimeweka karatasi juu ya begi lako lililokwisha fungwa. Bi Mwajuma akipita ukumbini naisukuma chini ya mto, akishapita naitoa tena. Sijui namficha nini. Labda nazoea kuficha tu.

Kesho asubuhi boti inaondoka Kibirizi. Habari za safari, kwamba usikae ukingoni, kwamba usivue sweta upepo ukianza, kwamba ukitapika utapikie upande gani, Bi Mwajuma atakuambia, na atarudia mpaka injini iwake. Mimi nina mengine, na hayo mengine siyawezi kwa mdomo. Unanijua.

Najua neno mwanangu limekushtua. Hujawahi kulisikia kwangu. Umenizoea Dada Goreti, na kila mtu hapa mtaani Rusimbi ananijua kama dada yako. Nitafika huko. Lakini itabidi nianzie nyuma kidogo, wakati wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni.

Kwetu ng'ambo ya ziwa, kabla hatujakimbia, mtoto wa kike akiingia mahali penye watu wazima akatazama chini, akajibu kwa sauti inayomtosha aliyemuuliza tu, walisema ana isoni. Ilikuwa sifa. Bibi yetu alikuwa akinionyesha kwa wageni, anasema huyu wa mwisho ana isoni, mtazameni, na mimi nazidi kuinama, na wao wanazidi kufurahi. Kumbe Kiswahili nacho kina neno hilohilo, soni, ila shuleni sikulisikia likitajwa. Shuleni waliniambia nina aibu, kama mtu anavyoambiwa ana minyoo, na kwamba itabidi nitibiwe.

Tulifika Kigoma mimi na dada yangu Imakulata, mama yako, na wewe. Baba yako tulipotezana naye usiku wa kukimbia. Mama yako alimkuta Bi Mwajuma pale soko la Mwanga akiuza mawese, akamsaidia kubeba madumu, na Bi Mwajuma akatupa chumba hiki tunacholala mpaka leo. Mimi niliwekwa shuleni. Nilikuwa nimeshasoma kwa Kirundi, na Kifaransa kidogo, nikaanza upya kwa Kiswahili na watoto wanaonifikia kifuani.

Shule ya hapa, kama unavyoijua, ni kusimama mbele. Asubuhi mstarini mmoja anasoma habari, mwingine anaimba. Akija mgeni, ngonjera. Akiondoka mgeni, ngonjera. Mwalimu Eliza, aliyehamishiwa huku kutoka Moshi, hakuwa mtu mbaya, ila aliamini kila mtoto ana sauti kubwa ndani yake na kazi yake yeye ni kuivuta itoke. "Paza sauti, Goreti. Unamnong'oneza nani?" Nikipaza, ndiyo kwanza inazama.

Basi ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Magari yenye vipaza sauti yalipita barabara ya Ujiji kutwa, naomba kura yako, naomba kura yako. Saa ya uji tukapanga foleni, mimi na kikombe changu. Mwalimu Eliza ndiye aliyekuwa zamu. Akaniambia, "Leo hupati kwa kunyoosha kikombe. Sema sentensi kamili."

Nilikuwa nimeifanyia mazoezi ile sentensi. Naomba kula. Lakini ulimi wangu ulikuwa bado wa Kirundi, hauna L. Nikasema, tena kwa sauti kubwa kama alivyotaka, "Mwalimu, naomba kura."

Kulikuwa na kijana anaitwa Hamisi, nyuma yangu. Akasema taratibu, kama mtu anayeshauri, "Jamani mpigieni, mheshimiwa ana njaa."

Foleni nzima ikavunjika. Mwalimu Eliza mwenyewe aligeukia sufuria ili asinicheke usoni, mabega yake nikayaona. Hata watoto wa Kiha walicheka, ambao R na L kwao zinagongana vilevile. Tena wao ndio walizidi, kwa kuwa siku hiyo walikuwa wamepata mtu wa kuwapokea zamu. Mimi sikuelewa wanachokicheka. Nilielezwa jioni na mama yako, naye alikuwa ameulizia kwa Bi Mwajuma.

Uji sikunywa. Tangu siku hiyo jina langu likawa Mheshimiwa. Mheshimiwa kaja, mpisheni. Mheshimiwa, barabara yetu lini? Mimi nikaacha kusema. Sikununa, niliacha tu, kama mtu anavyoacha kupita njia yenye mbwa. Nikiulizwa darasani, nasimama, natazama dirisha, mpaka mwalimu anachoka ananikalisha.

Mama yako aliugua mwaka uliofuata. Hilo umesimuliwa, na kaburi unalijua. Usilolijua ni kwamba pale wodini aliniambia jambo moja, kwa Kirundi, wewe ukiwa umelala miguuni pake. Hakusema nikutunze wala nikusomeshe. Alisema, "Ni uwawe." Ni wako. Kisha akaniomba maji. Hapo sikuwa na hata miaka kumi na minne, na nilichofikiria, Mungu anisamehe, ni kwamba sasa nitalazimika kuongea na watu.

Na ikawa hivyo. Bi Mwajuma akanikabidhi pembe moja ya meza yake Mwanga, kila baada ya shule na Jumamosi. Nikawa nakaa nyuma ya chupa za mawese kimya, wateja wanapita kwenda kwa anayeita. Bi Mwajuma akaniuliza, "Hivi haya mawese yana mdomo?"

"Hayana, bibi."

"Basi wewe unao. Au na wewe ni chupa?"

Siku moja Hamisi akapita na wenzake. Akasimama mbele ya meza, mikono nyuma kama mwandishi wa habari. "Mheshimiwa, tunaomba kusikia sera zako." Sijui ni hasira au ni kuchoka. Niligeuza kreti la soda nikapanda juu yake. Nikasema, "Ndugu wananchi wa Mwanga, naomba kura zenu. Mkinichagua, hakuna nyumba itakayokula maharage makavu. Mawese haya yametoka Simbo asubuhi hii, rangi yake mnaiona, harufu yake njooni mnuse."

Watu walicheka wakakaa chini. Walicheka wakanunua. Na wewe ulikuwa chini ya meza na gunia lako la kuchezea, ukatoa kichwa, ukapiga makofi peke yako baada ya wengine wote kumaliza.

Watu wakadhani nimepona. Hata mimi nilidhani. Nikawa napanda kreti kila Jumamosi, watu wanatoka Ujiji kuja kumsikia Mheshimiwa, Bi Mwajuma anajisifu kwamba yeye ndiye aliyenifungua kinywa. Lakini nataka ulijue hili, maana linaweza kukukuta na wewe: aliyepanda juu ya kreti hakuwa mimi. Mheshimiwa angeweza kumhutubia hata waziri. Goreti alikuwa amebaki kulekule chini ya meza na wewe. Nikishuka, mtu akiniuliza kwa upole tu, binti habari yako, naangalia vidole vya miguu.

Ukafika mwaka wa kukuandikisha. Nilikufua, nikakupaka mafuta, tukapanga foleni na akina mama. Mwalimu aliyekuwa anaandika akauliza bila kuinua kichwa, "Mzazi wake?"

"Ni mimi," nikasema. "Mama yake mdogo."

Akainua kichwa. Nyuma yangu mama mmoja akasema, "Mdogo kweli kweli."

Ndivyo ilivyokuwa, Keza. Maneno mawili matatu ya utani, na yule mama hakuwa na ubaya wowote, hata mimi leo naona yanachekesha. Mwingine akadakia, "Si waandikishwe wote wawili, wakae dawati moja." Foleni ikacheka vizuri, ile ya kupumzisha miguu. Mwalimu naye akatabasamu. "Haya binti, sema vizuri. Huyu nani wako?"

Kwetu dada wa mama ni mama. Na hapa pia ni mama, ndiyo maana wanasema mama mdogo. Nilikuwa na haki ya neno hilo kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Nikasema, "Mdogo wangu, mwalimu."

Akaandika. Wewe ulikuwa umenishika gauni, ulisikia, na tulipotoka getini ukaniita Dada Goreti kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo ulikuwa huniiti kitu, ulikuwa unanivuta tu. Nikaitika. Nimeendelea kuitika.

Sasa ile siku ya wazazi. Ulikuwa umeongoza darasa zima kwa kusoma. Wiki nzima ulinisomea ile hadithi utakayosoma mbele, mpaka Bi Mwajuma akawa anaimalizia jikoni. Ulinisisitiza nije. Nilikuja. Niliazima khanga mpya ya Bi Mwajuma. Nilikusikia ukisoma kwenye kipaza sauti bila kutetemeka, na nikajiuliza umetoa wapi hiyo, maana kwangu hukuitoa.

Halafu mwalimu mshereheshaji akasema, "Mzazi wa Keza asimame, apunge mkono, aje huku mbele wapokee zawadi pamoja. Mzazi wa Keza yuko wapi tumwone?"

Miguu ilikuwepo. Ninakumbuka kuiangalia, nikaona ni mizima, ina viatu. Niliwaza, nikisimama watasema mdogo kweli kweli, safari hii na mgeni rasmi anasikia. Nikamtafuta Mheshimiwa ndani yangu, maana yeye angesimama, angesema ndugu wananchi, wangecheka angemaliza. Hakuja. Hawakuwa wamemwita yeye. Walikuwa wamemwita mzazi wa Keza, na huyo alikuwa mimi, na mimi nikainama nyuma ya kilemba.

Mwalimu akarudia. Watu wakaanza kugeukageuka kutafuta. Wewe ukachukua kipaza sauti mkononi mwake, hakuna aliyekupa, ukasema, "Hajaja. Ana kazi."

Uliposema hivyo macho yako yalikuwa kwenye kile kilemba.

Ukapokea madaftari yako peke yako. Watu wakakupigia makofi zaidi, kwa huruma. Nami nikapiga, kule nyuma, ili nisionekane sipigi.

Jioni nikakuambia nilikuwa sokoni, wateja walikuwa wengi. Ukasema, "Najua." Ulikuwa unafunika daftari jipya kwa gazeti, hukuinua uso. Mpaka leo sijui ulijua nini. Nimelala na hilo neno lako kitanda kimoja muda wote huu, wewe upande wa ukuta, mimi upande wa mlango, na kuna usiku nilitaka kukuamsha nikuulize, nikaona ni afadhali usiku uishe.

Kisha zikaja habari za baba yako, kwamba yu hai, yuko Rumonge, kwetu ng'ambo, ana mke na mashamba ya michikichi. Na akaja mdogo wake, Baba Leonidasi, kukuchukua. Mimi sijaitwa kwenda, na sioni kosa la mtu. Wamekuja kumchukua mtoto wao. Nina kidato cha pili cha kumaliza, na Bi Mwajuma magoti yanamsumbua. Hayo ndiyo ninayojibu nikiulizwa.

Jana ulikuwepo ukumbini, lakini nataka ulisikie kutoka kwangu. Baba Leonidasi alisimama kutoa ijambo, hotuba ya shukrani, kama watu wa kwetu wanavyofanya hata wakiwa watatu. Akalishukuru ziwa, akaishukuru nyumba, akawashukuru majirani, akafika mpaka kwa mbuzi wa Mama Shabani. Mwisho akasema, "Sasa kesho kutwa asubuhi, mbele ya majirani, nani atasimama atupe mutoto? Mama wa mutoto hapa ni nani?"

Bi Mwajuma akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko alivyozoea. Mimi nikatazama mkeka. Kuna ukili umeachia pale karibu na kizingiti, nikauangalia kama kitu nitakachoulizwa kwenye mtihani. Na wewe ulikuwa umekaa mlangoni, ukanitazama pia. Hilo niliona.

Bi Mwajuma akavuta pumzi. "Mimi nitasimama," akasema.

Wewe ukainuka ukaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Kwa hiyo unaona, Keza, si mara moja. Ningekuwa nimekosea siku ile ya wazazi tu, ningesema nilishtuka. Lakini jana sikushtuka.

Sasa kuhusu kule unakokwenda. Watakusimamisha. Watajaa nyumba nzima, watakuweka katikati, watakuambia vuga, sema, tukusikie. Na Kirundi chako ni hiki nilichokufundisha mimi kitandani, kwa kunong'ona. Utasema "ndashaka kulya," yaani nataka kula, kwa L ya Rusimbi, na hawana hiyo L, na watacheka mpaka wajifute machozi. Pengine watakupa jina. Mimi nilichekwa kwa R, wewe utachekwa kwa L, na ni ziwa lilelile.

Sitakuambia usijali. Mimi niliambiwa nisijali na masikio yaliendelea kuwaka. Ila mwezi uliopita nilikutana na Hamisi kwenye kituo cha baiskeli. Tukasalimiana, akanibebea dumu mpaka kona. Halafu akaniuliza, kwa dhati kabisa, "Hivi Goreti, ni kwa nini tulikuwa tunakuita Mheshimiwa?"

Nikadhani ananitania. Hakuwa ananitania. Alikuwa amesahau. Miaka yote hii nimeibeba ile kura peke yangu, naipangia njia za kupita, na mwenyewe aliyenitwisha hakumbuki. Nikalipokea dumu langu. Nikamwambia sikumbuki na mimi.

Hilo ndilo nililonalo la kukupa, na si kubwa. Waliocheka wanakwenda kula, wanasahau. Yule mama wa mdogo kweli kweli sidhani kama anaweza kunitambua nikipita mbele yake. Usiku nikikosa usingizi siwaoni hao. Namwona mtoto na kipaza sauti, anasema hajaja, ana kazi.

Na wakikupa jina la utani, lipokee, cheza nalo, litakusaidia siku nyingine kama lilivyonisaidia mimi kuuza. Ila usilitume lisimame kwa niaba yako mahali ambapo umeitwa wewe. Mimi nililituma likanikimbia.

Naandika haraka sasa, mwandiko umeharibika. Jua limeshuka hadi kwenye makopo ya dirishani na nimesikia Mama Shabani akicheka kule nje, yaani amemaliza, yule humaliza kwa kucheka. Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niishone ndani ya begi lako, uje uisome Rumonge, ambapo nisingeuona uso wako. Nimeshatia hata uzi kwenye sindano.

Nasikia kandambili zako uani. Ile ya kulia, iliyofungwa na waya, inakokota. Baba Leonidasi anakuambia kitu kuhusu nywele, wewe unajibu "ego," yaani ndiyo, vizuri tu, bila L wala R ya kukusumbua. Bi Mwajuma jikoni anasema mashallah, geuka nikuone na nyuma.

Sindano nimeichomeka kwenye pazia. Karatasi iko magotini, na mto uko palepale, ila sijausogeza. Nitakusomea hii mwenyewe, kwa mdomo, hata ikinichukua mpaka giza. Kisha nitakwenda jikoni nimwambie Bi Mwajuma apumzishe magoti kesho, mtu wa kusimama yupo. Wakisema mdogo kweli kweli, ni kweli, mimi mdogo. Watacheka, wataongozana nasi Kibirizi.

Umefika mlangoni. Unabisha hodi. Siku hizi tangu begi lifungwe umeanza kubisha hodi kwenye chumba chako mwenyewe, kama mgeni. Nimeinua kalamu. Nikishaandika mstari huu nitaitika, kwa sauti ya kumfikia Bi Mwajuma jikoni na Baba Leonidasi uani na Mama Shabani uchochoroni:

Karibu, mwanangu.